Kumtafuta Mtoto Pale Alipopotea: Kazi ya Mwalimu wa Ziada wa Hisabati

(Mada iliyotolewa na mratibu wa masomo ya ziada katika semina ya kamati za elimu za parokia, Bagamoyo. Tumeifupisha kidogo ili ienee katika jarida.)

 

Baba Paroko, wenyeviti wa kamati na vigango, walimu, wazazi wenzangu, nanyi wafadhili wetu ambao mtaisoma mada hii baadaye: nashukuru kupewa nafasi hii. Nimeombwa nieleze mwalimu wa ziada wa hisabati anafanya kazi gani, anatakiwa awe na ujuzi gani, na kazi hiyo inamfikisha wapi. Nitaanza na daftari.

Daftari hili lilikuwa la kijana wa kidato cha pili. Mama yake alikuja kwangu akasema, "Mwalimu, mwanangu hajui milinganyo, na upimaji wa Novemba unakaribia." Nikamwambia kijana anifanyie hesabu tatu. Ya mlinganyo ilimshinda, kama mama alivyosema. Nikarudi nyuma, nikampa nusu jumlisha theluthi. Akaandika mbili ya tano: alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Nikarudi nyuma zaidi, nikampa 402 toa 178. Akapata 376.

Tazameni jibu hilo vizuri. Hakubahatisha. Kwenye mamoja aliona 2 na 8, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 6. Kwenye makumi akafanya hivyo hivyo, akapata 7. Kwenye mamia akapata 3. Alikuwa na kanuni yake, na aliifuata kwa uaminifu: toa namba ndogo kwenye kubwa, popote ilipo. Kanuni hiyo aliibeba tangu darasa la tatu au la nne, siku ile somo la kukopa lilipompita. Labda alikuwa na homa. Labda darasa lilikuwa na watoto wengi, mwalimu akashindwa kumfikia kila mmoja. Jibu sahihi ni 224, lakini kwa miaka mitano hakuna aliyekaa naye akamwonyesha kwa nini.

Ndugu zangu, kijana yule hakuwa na tatizo la milinganyo. Alipotelea darasa la tatu, akaendelea kutembea. Kazi ya mwalimu wa ziada ni kumtafuta pale alipopotea na kurudi naye kutoka hapo. Mnaufahamu mfano wa mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja. Mwalimu wa darasani ana wale tisini na tisa na mtaala wa kumaliza, na wala hatumlaumu. Sisi tumepewa yule mmoja.

HALI ILIVYO

Hisabati ndilo somo linalowaangusha watoto wengi zaidi katika mtihani wa kidato cha nne. Kwa miaka mingi aliyefaulu alikuwa takriban mmoja kati ya watano. Katika mitihani ya 2023 na 2024 tulifikia takriban mmoja kati ya wanne. Hayo ni maendeleo, na tuwapongeze walimu. Lakini kumbukeni kwamba kufaulu maana yake ni kuanzia alama D, yaani 30 kati ya 100. Watatu kati ya wanne hawafiki hapo.

Ada ya shule za msingi za serikali ilipofutwa mwaka 2001, na elimu bila malipo ilipofikia sekondari mwaka 2016, watoto wa maskini walipata mlango. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Madarasa nayo yakajaa. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Ninyi mnaoishi hapa mnajua mnachokiona mkipita madirishani.

Lipo pia suala la lugha. Mtoto wetu anasoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi. Anajua sehemu, kiasi na asili, mzingo, namba shufwa na witiri, namba tasa. Amekariri MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Akiingia kidato cha kwanza, maneno yote hayo yanabadilika kuwa Kiingereza kana kwamba hakuwahi kuyajua. Wapo wanaojua hesabu lakini hawaelewi swali. Mwalimu wa ziada lazima atambue tofauti hiyo, maana dawa zake hazifanani.

MAJUKUMU YAKE

Nitayataja matano.

Kwanza, kupima kabla ya kufundisha. Wiki ya kwanza haifundishwi kitu kipya. Kila mtoto anapewa hesabu chache za kila darasa kuanzia la tatu, na mwalimu anaandika kwenye daftari lake mahali ambapo mtoto alianza kukosea na namna alivyokosea. Tiki na mkasi havitoshi. Mwulize, "Umelipataje jibu hili?" kisha nyamaza usikilize.

Pili, kurudi nyuma bila aibu. Kijana wa kidato cha pili akifundishwa kukopa mbele ya mdogo wake wa darasa la nne, hatarudi kesho. Kwa hiyo tunawagawa watoto kwa mahali walipokwama, na tunawaketisha wakubwa peke yao. Kwa kijana wetu nilitumia nanasi, maana watu wake wanalima Kiwangwa. Nikamwambia, "Una nusu nanasi, nimekuongezea theluthi. Wewe unasema una mbili ya tano. Mbili ya tano ni zaidi ya nusu au pungufu?" Akafikiri, akasema, "Pungufu." Nikamwuliza, "Nimekuongezea nanasi, likapungua?" Akacheka. Tukalikata vipande sita vilivyo sawa: nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, jumla ni vitano vya sita. Siku hiyo alielewa kwa nini tunatafuta kigawe kidogo cha shirika. Kabla ya hapo alikuwa anakiandika tu kwa sababu ameambiwa akiandike.

Tatu, kushirikiana na shule. Mwalimu wa ziada hashindani na mwalimu wa darasa, wala hamsemi vibaya mbele ya watoto. Kila mwezi anakwenda kumsalimu na kumwuliza darasa limefika wapi. Na ikiwa yeye mwenyewe ni mwalimu wa shule, asiwatoze fedha watoto anaowafundisha darasani. Akifanya hivyo, mtoto asiye na fedha ataona kwamba somo zuri linafichwa kwa ajili ya jioni.

Nne, kuwalinda watoto. Darasa letu liko kwenye ukumbi, milango ikiwa wazi, na watu wazima wasiopungua wawili wanakuwepo. Hakuna mtoto anayefundishwa peke yake nyumbani kwa mwalimu, hata mwalimu awe mtu mwema namna gani. Tunamaliza mapema ili mabinti wafike nyumbani kabla ya giza. Hili halina mjadala, na kamati isiyoweza kulisimamia isianzishe darasa.

Tano, kuheshimu nyumba zote. Zaidi ya nusu ya watoto wetu ni Waislamu. Ijumaa hatufundishi, saa za madrasa tunazipisha, na mwezi wa Ramadhani tunafupisha vipindi. Hesabu haina dini, na mzazi anayemwamini Padre kwa mtoto wake ametupa heshima kubwa. Tusiivunje.

UJUZI UNAOTAKIWA

Wengi hudhani anayefaa ni yule aliyepata alama A. Kuijua hesabu ni lazima, hilo halina ubishi. Huwezi kumwongoza mtu njia usiyoijua. Lakini nimeona vijana hodari kabisa wanaoshindwa kufundisha, kwa sababu wao hawakuwahi kupotea. Wanarudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Na nimeona binti aliyepata C, aliyetoka jasho kuipata, akifundisha vizuri kuliko wote. Alikumbuka mahali palipomchubua.

Ujuzi ninaoutafuta ni huu: asome kosa la mtoto na kulielewa, awe na njia mbili au tatu za kueleza jambo moja, awe mvumilivu, aweze kusema "sijui, nitatafuta," na atunze kumbukumbu. Aeleze kwa Kiswahili mpaka mtoto aelewe, kisha amzoeze kulisoma na kulijibu swali hilo hilo kwa Kiingereza.

Atoe pia mifano kwenye maisha ya hapa. Tuseme mama amenunua ndoo ya dagaa pale sokoni kwa shilingi 40,000. Chumvi, mafuta, kuni na nauli ni 10,000. Ameuza kwa 55,000. Watoto wengi husema faida ni 15,000. Wakikaa na hesabu wanaona ni 5,000, yaani asilimia kumi ya fedha zote alizotoa. Mtoto mmoja aliposikia hivyo alikwenda kumwambia mama yake, na mama akaja kuniuliza kama naweza kuwafundisha akina mama pia.

Hili si jambo dogo katika mji huu. Misafara iliishia hapa, pembe za ndovu zikipimwa kwa frasila na watu wakihesabiwa kama mizigo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni yetu mwaka 1868, waliwapokea watumwa waliokombolewa, na shule ikawa sehemu ya kazi yao. Asiyejua kuhesabu huhesabiwa na wengine. Kwenye mizani ya dagaa, kwenye shamba la mwani pale Mlingotini, kwenye mkataba wa kuuza kiwanja kando ya barabara ya Dar es Salaam, mambo ni yale yale hata leo.

Vifaa vipo pia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha swali kwa swali watoto walikosea wapi. Kila mwalimu wa ziada azisome. Anayeingia darasani bila kuzisoma ni kama mvuvi anayetoka bila kuuliza upepo.

NJIA YA MBELE

Sasa nakuja kwenye swali wanaloniuliza vijana: "Mwalimu, kazi hii itanifikisha wapi?"

Angalieni kalenda. Kidato cha nne humaliza mtihani Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Kidato cha sita humaliza Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kwa hiyo kila mwaka parokia zetu zina vijana walio nyumbani kwa miezi kadhaa, hesabu ikiwa bado mbichi vichwani mwao. Wa kidato cha nne aanze na watoto wa shule ya msingi. Wa kidato cha sita, hasa aliyesoma mchepuo wenye hisabati, awachukue wa kidato cha kwanza na cha pili. Hiyo ni ngazi ya kwanza.

Ngazi ya pili ni chuo. Kijana aliyefundisha miezi sita anajua kama ualimu ni wito wake au si wake, na ni vizuri alijue hilo kabla ya kulipa ada. Anayeona ni wake aende stashahada ya ualimu, au shahada ya elimu katika vyuo kama DUCE pale Chang'ombe au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayefanya kazi huku anasoma ana Chuo Kikuu Huria. Aliyekosa alama za kutosha anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kufundisha wengine ni njia nzuri ya kujiandaa.

Ngazi ya tatu ni ajira, na hapa sitawadanganya. Shahada ya ualimu haimpi mtu kazi siku ya mahafali. Waombaji wa nafasi za ualimu serikalini ni wengi kuliko nafasi, na sasa wanafanyiwa usaili. Mwalimu wa hisabati ana nafasi nzuri kuliko wa masomo mengine mengi, lakini anaweza kungoja. Wakati anangoja, masomo ya ziada yanaweza kumpa riziki halali na kumtunzia ujuzi wake. Ajiunge na wenzake katika Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA. Atunze madaftari yake ya kumbukumbu, maana hayo ndiyo ushahidi wa kazi yake mbele ya mwajiri yeyote.

Na asione kwamba hisabati ya juu ni ya watu wa mbali. Mwaka 2014 Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, ilifungua kituo chake cha Tanzania hapa hapa Bagamoyo. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walisoma shahada ya uzamili ya hisabati katika mji huu, huku watoto wetu mitaa michache kutoka hapo hawajui kukopa. Nilikuwa nikiliwaza jambo hilo mara nyingi.

TULIPOKOSEA

Wafadhili hupenda kusikia mafanikio, na nitayataja. Lakini nisipolisema hili sitakuwa nimetenda haki.

Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati iliyokuwa na kijana mmoja wa kidato cha sita, mwalimu wa ziada mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Alikuwa na watoto 28. Tulimwahidi posho ndogo ya kila mwezi. Mwezi wa kwanza tulimlipa. Wa pili tulimwomba avumilie, kwa sababu palikuwa na ugeni na fedha zikaenda kwenye maturubai na chakula. Wa tatu tulimwambia kufundisha ni sadaka. Hakugombana nasi. Aliacha ufunguo wa ukumbi kwa katibu, akaenda kuendesha bodaboda. Mwezi uliofuata tukawa na watoto 11, na baada ya hapo darasa likafa.

Mmoja wa watoto wale alikuwa ni yule kijana wa 402 toa 178. Mama yake alikuja kwangu mwaka mmoja baadaye, na ndipo nilipolifungua daftari niliowaonyesha. Mwaka mzima ulipotea, na ulipotea kwa sababu yetu. Mimi nilikuwa kwenye kikao kile na sikusema neno. Sadaka ni ya mtu kuitoa mwenyewe. Tukimtolea bila ridhaa yake, tunakuwa tumemdhulumu.

Kijana wa daftari tulikaa naye miezi saba. Alivuka upimaji wa kidato cha pili, hisabati akapata D. Kwa wengine hiyo ni alama ndogo. Kwa mtoto aliyekuwa akipata 4 na 7 kati ya 100, ni kurudi barabarani. Tuna pia mama mdogo aliyerudi shule baada ya serikali kuwaruhusu tena mabinti waliojifungua, mwezi Novemba 2021. Anakuja na mtoto mgongoni, na akina mama wa jumuiya wanambebea wakati wa kipindi.

TUNACHOOMBA

Wajumbe, tufanye hesabu pamoja, maana siwezi kuondoka bila kuwapa zoezi.

Tuseme mwalimu wa ziada analipwa shilingi 5,000 kwa kipindi, vipindi vitatu kwa wiki, kwa wiki 12. Hiyo ni 180,000. Walimu wawili ni 360,000. Chaki, madaftari na karatasi za mazoezi, 60,000. Jumla ni 420,000. Tukiwa na watoto 30, kila mtoto ni 14,000 kwa vipindi 36, yaani chini ya shilingi 400 kwa kipindi. Parokia inayoweza kuchangia harusi inaweza kuchangia hili.

Kwa hiyo naziomba kamati mambo manne. Mwalimu wa ziada apewe barua yenye majukumu yake na kiwango cha posho. Posho yake ikae kwenye kifungu chake, isiguswe kwa shughuli nyingine hata akija mgeni mkubwa namna gani. Asimamiwe na mwalimu mzoefu, mstaafu au aliyeko kazini, atakayemtembelea darasani angalau mara mbili kwa mwezi. Na akiondoka kwenda chuo, apewe barua ya shukrani na utambulisho, na nafasi yake ijazwe kabla hajaondoka.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru sana kwa kompyuta na vitabu. Tunawaomba pia mkubali kugharimia mtu. Na mkitaka taarifa, msituulize tu watoto wangapi walihudhuria. Tuulizeni kila mmoja alikuwa amepotelea wapi mwezi wa kwanza, na sasa amefika wapi. Tukishindwa kujibu, mjue hatukufanya kazi.

Vijana mlioko hapa, kumaliza kidato cha nne au cha sita hakukufanyi mtu wa kukaa kibarazani kungoja majibu. Jumatatu saa tisa alasiri ukumbi utakuwa wazi. Njooni na kalamu. Chaki zipo.